Kuvitunza Viti vya Ngozi Vilivyopakwa Rangi Upya

Huenda wengine wenu watacheka wakiona kichwa cha habari hii. Watasema, "Kiti ni kitu cha kukaliwa tu; kuna elimu gani ndani yake?" Mimi pia nilidhani hivyo nilipokuwa kidato cha tatu, mpaka siku moja ujinga wangu ulipomtia mjomba wangu hasara, ukamtoa bibi arusi machozi, na nusura uharibu jina la fundi asiye na kosa. Kwa hiyo nataka kuwaeleza niliyojifunza, ili ninyi mlio shuleni sasa msijifunze kwa njia niliyojifunza mimi, na ninyi wanafunzi wa zamani mlio na motokaa zenu mpate kuzihifadhi.

Motokaa nyingi tuzionazo Kasese na Bwera zimetoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, zikapita bandari ya Mombasa, ndipo zikafika kwetu. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza nchini motokaa iliyozidi umri wa miaka 15. Lakini hata motokaa ya miaka minane au kumi imekwisha kukaliwa mara maelfu. Ikiwa viti vyake ni vya ngozi, tazama ubavu wa kulia wa kiti cha dereva: mara nyingi utaukuta umechubuka. Sababu yake ni kwamba usukani uko upande wa kulia, na kila dereva anaposhuka huuburuta mwili wake juu ya ukingo ule. Kuvika viti ngozi mpya ni gharama kubwa. Basi mwenye motokaa humwendea fundi, naye huvipaka viti vile vile rangi upya.

Hivyo ndivyo alivyofanya mjomba wangu mnamo Desemba mwaka 2019. Motokaa yake ilikuwa ya kukodiwa, na karo ya binamu zangu ilitoka humo. Alikuwa amekubaliana na watu wa arusi kumchukua bibi arusi Jumamosi, kutoka Kasese mpaka kanisani Bwera. Viti vilikuwa vimefifia na kuchubuka, basi Jumanne akampelekea fundi, na fundi akavipaka rangi ya kahawia isiyokoza. Alipomrudishia alimwambia, "Kaa juu yake polepole, lakini kwa muda wa wiki mbili usivioshe wala usivipake kitu chochote." Mjomba alisikia, lakini nyumbani hakutuambia neno.

Ijumaa jioni nikataka kumfurahisha. Nikachukua ndoo ya maji, sabuni ya unga na brashi ya kufulia, nikavisugua viti vyote. Nikaona alama ndogo ya wino, nikaitoa kwa kitambaa kilichochovywa petroli. Mwisho nikaona viti havina mng'ao wa kutosha. Nikaleta dawa ya viatu ya rangi ya kahawia, nikavipaka, nikavipangusa mpaka nikaweza kuona kivuli cha uso wangu. Alfajiri mjomba alipoviona alisema, "Fundi yule anaijua kazi yake." Mimi nikanyamaza, nikingoja nisifiwe baadaye.

Mnajua njia ile. Kutoka Kasese hushuka kusini mpaka Kikorongo, karibu na pale mstari wa ikweta unapokata barabara, kisha hupinda kulia kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Jua lilikuwa kali. Madirisha yalifungwa ili vumbi lisichafue gauni. Tulipofika Bwera wanawake walipiga vigelegele, bibi arusi akashuka, na ghafla vigelegele vikakatika. Nyuma ya gauni lake jeupe palikuwa na doa la kahawia kubwa kama sahani. Mama mmoja akafungua kitenge chake upesi, akamfunga kiunoni, na bibi arusi akaingia kanisani hivyo huku analia.

Mjomba alirudisha fedha zote za kukodi. Jumatatu alikwenda kwa fundi akiwa na hasira, nami nikafuatana naye. Mbele ya wateja alimwita mwizi na mdanganyifu. Fundi hakubishana. Alichukua kitambaa cheupe, akakipitisha juu ya kiti, akakinusa, akasema kwa upole, "Mzee, rangi yangu haina harufu hii. Hii ni dawa ya viatu." Siku mbili nzima nilikuwa nimenyamaza. Nilipowaona wateja wale wakimtazama fundi kama mtu mwovu, sikuweza tena. Nikasema, "Mjomba, ni mimi." Mjomba alisimama kimya kitambo kidogo, kisha akamwomba fundi radhi kwa sauti kubwa kama ile aliyomtukania. Fundi akanigeukia: "Kijana, ulitaka kusaidia. Basi njoo usaidie." Nikafanya kazi kwake mpaka karibu na Krismasi, na viti vya mjomba vikapakwa tena mbele ya macho yangu. Haya yafuatayo ndiyo aliyonifundisha, pamoja na mengine niliyoyasoma baadaye.

Kwanza yafaa tujue ngozi ni kitu gani. Ngozi ya ng'ombe imefumwa kwa nyuzinyuzi nyembamba sana zilizoshikana kama pamba. Ikiachwa mbichi huoza. Sisi tulio karibu na ziwa la Katwe twajua jinsi chumvi inavyozuia samaki kuoza; hata ngozi mbichi hutiwa chumvi kwa sababu hiyo hiyo, lakini chumvi huizuia kwa muda tu. Ili idumu, sharti itengenezwe kiwandani, kama kile kilichoko Jinja, kwa dawa za magome ya miti au za madini ya kromi. Kisha hutiwa mafuta ili nyuzi zile ziteleze zenyewe kwa zenyewe, na ngozi iweze kukunjwa bila ya kukatika.

Lakini viti vingi vya motokaa havina ngozi tupu juu yake. Kiwandani hupakwa rangi, na juu ya rangi hupakwa utando mwangavu wa kuikinga. Rangi na utando huo kwa pamoja ni vyembamba mithili ya unywele wa kichwa. Unapoweka mkono wako juu ya kiti wadhani umegusa ngozi. Kumbe umegusa utando ule. Fundi anayepaka rangi upya hufanya vivyo hivyo: huosha kiti, huondoa mafuta na jasho la miaka yote, huziba nyufa, hupiga msasa mwepesi, hupaka rangi mara kadhaa kwa tabaka nyembamba, na mwisho hupaka utando wa kukinga.

Hapa ndipo penye shina la habari yangu yote. Mtu mwenye kiti kilichopakwa rangi upya hatunzi ngozi, anatunza utando. Ngozi iko chini, imelindwa. Akiusahau utando, akafikiri kwamba ngozi yake ina njaa ya mafuta, atailisha mafuta yasiyoweza kuingia. Mafuta hayo yatabaki juu, yatashika vumbi, na siku ya joto yatahamia kwenye nguo ya atakayekaa. Hivyo ndivyo dawa yangu ya viatu ilivyohamia kwenye gauni la arusi.

Ukitaka kujua kama kiti chako kina utando, tia tone moja la maji mahali pasipoonekana. Tone likikaa juu kama umande juu ya jani la mgomba, utando upo. Likizama na kuacha doa jeusi, utando umekwisha au haukuwako, na kiti chataka fundi.

Pili, tujue tabia ya rangi. Rangi ya ngozi si sawa na rangi ya mafuta ya milango. Kiti hubonyea mtu anapokaa, na hurudi anapoondoka. Rangi ya ngozi ina kitu kama mpira ndani yake, nayo huvutika pamoja na ngozi. Rangi ya milango hukauka ikawa ngumu, na siku chache tu hupasuka vipande vipande. Tena tabaka moja nene ni baya kuliko tabaka nne nyembamba. Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anajua: udongo uliobandikwa mnene siku moja hupasuka ukikauka, bali uliopakwa kidogo kidogo hushika.

Tatu, kukauka ni kwa namna mbili. Kuna kukauka kwa kuguswa na mkono, ambako huchukua saa chache. Na kuna kukomaa, ambako huchukua siku nyingi. Maji yakiisha kutoka katika rangi, chembe zake bado zaendelea kushikana, na utando waendelea kuwa mgumu na kuishika ngozi. Kiti cha Jumanne, ambacho Jumatano ni kikavu mkononi, Ijumaa bado ni kichanga. Fundi wetu alitaka siku nzima kabla ya mtu kukaa, juma moja la kukaa kwa uangalifu, na wiki mbili kabla ya kuosha. Rangi hutofautiana, kwa hiyo fuata maneno ya fundi wako. Asipokuambia, mwulize, na akikuambia, waambie wote walio nyumbani mwako.

Sasa nitaeleza utunzaji wenyewe. Kazi yake si nzito, lakini yataka kufanywa mara kwa mara.

Kila juma ondoa vumbi. Vumbi letu la Kasese ni chembe ndogo za mawe na mchanga, na kila anayekaa juu yake huliburuta kama msasa juu ya rangi. Tumia kitambaa laini kikavu, au mashine ya kunyonya vumbi yenye brashi laini. Usisahau mishono, maana humo mchanga hujificha na kukata nyuzi.

Kila mwezi, baada ya zile wiki mbili za kwanza, safisha kwa maji. Chukua maji ya vuguvugu, utie matone machache ya sabuni laini ya maji, kama ile ya kuogeshea watoto. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Chovya kitambaa, kikamue sana mpaka kiwe na unyevu tu, kisha pangusa polepole bila kukandamiza. Kisafishe kitambaa kila mara kinapochafuka. Halafu pitisha kitambaa kingine chenye maji matupu, na mwisho kitambaa kikavu. Acha milango wazi kivulini mpaka unyevu uishe. Sabuni ya unga ya kufulia haifai kabisa, kwa sababu ni kali. Imeundwa kung'oa uchafu katika pamba, na haijui tofauti ya uchafu na rangi yako. Brashi ya kufulia vile vile iache kwenye nguo.

Juu ya hayo, jihadhari na adui wanne.

Adui wa kwanza ni jua. Motokaa iliyofungwa madirisha na kuachwa juani yaweza kuwa na joto la ndani lipitalo la nje kwa digrii 20 za Selsiasi, au hata zaidi, na kiti kinachopigwa na jua lenyewe huwa cha moto kupita hewa hiyo. Joto huikausha ngozi ikakakamaa, na mwanga hufifisha rangi. Kasese iko chini bondeni, nayo haina baridi ya milima ya Ruwenzori tuionayo juu yetu. Basi egesha kivulini. Kama kivuli hakuna, ziba kioo cha mbele kwa kadi ngumu, na funika viti kwa shuka ya pamba nyeupe. Usifunike kwa nailoni. Wako watu wanaodhani wanakihifadhi kiti kipya kwa kukiachia mfuko wa nailoni. Kumbe nailoni hufungia jasho na unyevu ndani, na kwenye joto hugandamana na rangi.

Adui wa pili ni maji. Wakati wa masika abiria huingia wameloa. Mtu mmoja hawezi kuharibu kiti kwa siku moja, lakini maji yakilala katika mishono usiku kucha, na madirisha yamefungwa, ukungu utaota. Pangusa upesi kwa kitambaa kikavu, na ukifika nyumbani fungua milango hewa ipite. Usikaushe kwa moto wala kwa kuanika motokaa juani.

Adui wa tatu ni mwili wetu wenyewe na nguo zetu. Jasho lina chumvi, na ngozi zetu zina mafuta. Vyote huulainisha utando kidogo kidogo, hasa pale kichwa na mikono inapoegemea. Ndiyo maana sehemu hizo huchubuka mapema. Zipanguse mara nyingi kuliko zingine. Jinzi mpya za buluu nazo hutoa rangi, na kiti chenye rangi isiyokoza huinywa. Kadhalika ukanda wenye bakuli kubwa la chuma, na funguo zilizo katika mfuko wa nyuma, hukwaruza kama ukucha.

Adui wa nne ni mizigo. Motokaa ya kukodiwa itokayo soko la Mpondwe hubeba kila kitu: makaa, samaki wabichi, chumvi ya Katwe ndani ya gunia, na hata jogoo mwenye kucha kali. Mwenye busara huweka blanketi kuukuu nyuma ya kiti chake, akalitandika kabla ya mzigo kupanda. Gunia la chumvi lenye unyevu lisikae kamwe juu ya ngozi tupu.

Na vitu gani visipakwe? Petroli, mafuta ya taa, spiriti na dawa ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha utando. Dawa ya mikono yenye alkoholi, tuliyoizoea tangu maradhi ya Korona yalipoingia mwaka 2020, iko katika kundi hilo hilo. Ukiitumia, acha mikono ikauke kabla ya kushika kiti. Dawa ya viatu, mafuta ya kupikia, mafuta ya kujipaka, na zile dawa za kung'arisha dashibodi hazilishi ngozi iliyofunikwa na utando. Zaidi ya kuchafua nguo, zina madhara ya siri: siku utakapotaka kupaka rangi tena, rangi mpya haitashika palipoingia mafuta. Fundi alitumia siku nzima kuondoa kazi yangu ya saa moja.

Mtaniuliza, "Na wino wa kalamu je?" Pangusa mara moja kwa kitambaa chenye maji ya sabuni laini. Ukibaki, uache. Kile chenye nguvu ya kutoa wino kina nguvu ya kutoa rangi. Afadhali alama ndogo ya wino kuliko kipara kikubwa cha rangi.

Hata ukitunza vipi, iko siku utaona mchubuko ukingoni mwa kiti cha dereva. Usingoje. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mchubuko mdogo huzibwa kwa rangi kidogo katika saa chache. Ukiachwa, jasho huingia chini ya utando, na rangi ya jirani hubanduka. Kwa hiyo siku ile kazi inapokwisha mwombe fundi akuachie kichupa kidogo cha rangi ile ile aliyoichanganya. Baada ya mwaka mmoja hataweza kwa urahisi kuipata tena sawasawa.

Na utamjuaje fundi mwema kabla hujamlipa? Mwulize atakiosha kiti na kuondoa mafuta kwa nini, atapaka mara ngapi, na juu ya rangi ataweka nini. Anayejua atajibu bila kusitasita. Rangi ikiisha kukomaa, pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu mahali pasipoonekana. Kitambaa kikibaki cheupe, kazi ni njema. Ni jaribio dogo, nami siwezi kulisahau, kwani kitambaa kama kile ndicho kilichomtoa fundi wetu katika tuhuma.

Viti vya mjomba vilikauka wiki mbili kamili mara ile ya pili, na hapana aliyevigusa. Tulipokwenda Bwera kuwaomba radhi watu wa arusi, bibi arusi mwenyewe alitupokea kwa chai. Alisema kitenge alichofungwa siku ile amekiweka pamoja na gauni, na kwamba hasira zimekwisha. Kabla ya kuondoka alikuja kututolea kwaheri, akaingiza mkono dirishani, akapitisha leso yake nyeupe juu ya kiti, akaitazama. Ilikuwa nyeupe. Tukacheka sote, na mjomba akacheka kuliko wote.

Basi, wenzangu, mkitaka kumsaidia mtu, mwulizeni kwanza kitu chake kinatunzwaje. Na mkikosea, semeni mapema, kabla mwingine hajalipa kwa kosa lenu.